Mlingoti wa Nyuma

Siku ile mjinga alikuwa Inspekta Koti mwenyewe, na heri tuliseme sisi mapema kuliko kumwachia mtu mwingine alitangaze. Wala hakuwa mjinga wa kukurupuka. Alikuwa mjinga wa taratibu, mwenye kioo cha kukuzia mkononi na ushahidi mfukoni, na hao ndio wajinga wa kuogopwa. Mjinga wa kawaida hujikwaa akaenda zake. Huyu wa ushahidi humtia mwenzake pingu.

Walimwita Koti kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila koti. Jua liwake, mvua inyeshe, koti liko mabegani, zito, lenye mifuko mingi kuliko droo za ofisi yake. Mwenyewe alisema mpelelezi asiye na mifuko ni mpita njia tu.

Karakana aliyoitiwa asubuhi hiyo ilikuwa nyuma ya nyumba ya mzee mmoja fundi wa meli za mapambo, chumba kirefu chenye mlango na dirisha upande mmoja, na giza upande wa pili. Koti alifungua mlango, akasimama, akasahau alichokuja kufanya. Mwanga wa asubuhi ulikuwa umelala sakafuni kama paka. Vumbi la mbao lilielea ndani yake, halipandi wala halishuki, na hewa ilinukia nta ya nyuki, gundi na mbao iliyopigwa msasa. Katikati ya vumbi hilo ilielea meli.

Ilikuwa na urefu wa kitanda cha mtu mmoja. Milingoti mitatu, ngazi za kamba nyembamba kama nywele za mtoto, na kwenye sitaha ndoo isiyozidi punje ya mahindi. Kigingi kilichoibeba kilikuwa chembamba kiasi kwamba ukiitazama kwa jicho lililofumbwa nusu ungeapa haijagusa meza. Nyuma yake ilipokea mwanga wa dirisha. Pua yake ilielekea gizani, kana kwamba huko ndiko ilikokuwa ikienda. Koti alijikuta akipumua kidogo kidogo, asije akaisukuma.

"Usiiguse," sauti ilisema nyuma yake. "Ina mteja."

Alikuwa mtoto wa kiume wa nyumba ile. Kazi yake ilikuwa kuuza na kupangisha nyumba za watu, na mtaa mzima ulimwita Dalali, mama yake akiwemo. Alikuwa na simu mkononi na futi ya kupimia kiunoni, imening'inia kama bastola.

"Hebu nieleze tena," Koti alisema. "Polepole. Mimi mzito."

"Jana jioni nilimleta mteja hapa. Mwenye hoteli, anataka kuiweka ukumbini. Matanga yote yalikuwa wazi, yametuna kama yana upepo. Mteja alikaribia kulia. Akasema kesho anatuma gari. Leo asubuhi nakuja kumwita Baba, namkuta chini, hapo ubavuni mwa kiti. Macho wazi, mdomo umekwenda upande, hawezi kusema. Na meli iko hivyo unavyoiona."

Koti aliiona. Ile miti ya kulala inayobeba matanga, ambayo mabaharia huiita foromali, kila mmoja ulikuwa umevishwa kitambaa kilichokunjwa kikafungwa kwa nyuzi, kimelala juu yake kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Meli nzima ilionekana imesinzia.

"Kuyakunja haya yote ni kazi ya muda gani?"

"Saa na saa. Na daktari anasema Baba alikaa na kiharusi kile saa na saa. Angewahishwa, huenda sasa hivi angekuwa anaongea." Dalali alishusha sauti. "Piga hesabu mwenyewe, afande. Kuna mtu alikaa kwenye kiti kile akafunga uzi mmoja baada ya mwingine, na baba yangu yuko sakafuni anamtazama."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kesi yenyewe. Hapakuwa na damu wala dirisha lililovunjwa. Mzee, ambaye watu walimwita Nahodha ingawa hakuwahi kuvuka maji yaliyozidi kina cha beseni, na hata darajani alishikwa na kizunguzungu, alikuwa amelazwa hospitali bila ulimi. Kilichotakiwa ni mtu aliyemwacha apoteze ulimi huo.

"Nani anajua kukunja tanga?"

"Wawili. Baba na shemeji yangu, mume wa dada. Wanafanya kazi pamoja."

"Na baba yako asingeweza kukunja mwenyewe, kabla hajaugua?"

"Akunje ili iweje? Kila mtu anajua desturi ya karakana hii. Meli inayotoka hutoka matanga yako wazi. Inayobaki nyumbani ndiyo hukunjwa. Na hii ilikuwa inatoka. Shemeji hakutaka itoke, anasema tumbo la meli lilichongwa na babu, ni ya ukoo. Ukoo wake lini?"

Koti aligeuka kumtazama, na jicho lake likaangukia fremu ya mlango. Kulikuwa na mistari mipya ya penseli, huku na huku.

"Na hii?"

"Yangu. Jana nilikuwa napima kama sanduku la kioo litapita."

Koti akalitupa jambo hilo kwenye mfuko wa ndani, ule wa mambo yasiyo na maana.

Kisha akainama kazini. Alianza na mlingoti wa nyuma, kwa kuwa ndio uliokuwa dirishani. Matanga ya mbele aliyatazama kwa mbali tu, kwa sababu kati ya meza na kabati upande ule palikuwa na uwazi wa kupita mtu mwembamba au mtu asiye na koti, na Koti hakuwa yeyote kati ya hao. Nyuzi ni nyuzi, alijisemea. Ukiona moja umeziona zote. Hapo ndipo ujinga wake ulipovuta kiti ukaketi.

Chini ya kioo cha kukuzia uzi ukawa kamba, na kamba ikawa na tabia. Mtu anayetumia mkono wa kulia huzungusha uzi kwa upande wake. Hawezi kujizuia, kama asivyoweza kuzuia mwandiko. Nyuzi hizi zilizungushwa kinyume. Zote, juu mpaka chini. Tena zilifungwa ovyo kidogo, kama na mtu mwenye haraka. Sitahani, chini ya mlingoti huo, palikuwa na kijiti chembamba kilichopakwa nta, cha kukandamizia kitambaa wakati wa kufunga. Ncha yake moja ilikuwa imetafunwa. Koti alikifunga kwenye leso, akakitia mfuko wa kifuani.

Katika droo ya meza aliyakuta matanga makubwa, yale yaliyokuwa wazi jana, yamekunjwa vizuri kama mashuka ya wageni.

Akatoka nje kumtafuta shemeji wa mtu.

Alimkuta amekaa kwenye benchi ukutani, mwanamume wa makamo mwenye vidole virefu, njiti ya kiberiti mdomoni. Watu walimwita Shoto. Koti alipomwomba mkono alipewa wa kushoto, akaelewa kwa nini.

"Hiyo njiti ya nini?"

"Niliacha sigara. Njiti ikakataa kuniacha."

"Usiku ulikuwa wapi?"

"Kwa mke wangu."

"Mke ni shahidi dhaifu."

"Kamwambie mwenyewe, yuko jikoni. Mimi bado napenda kuishi."

Koti hakucheka, ingawa alitaka. "Matanga makubwa yako kwenye droo. Kwa hiyo haya yaliyofungwa ni mengine."

"Ni mengine. Tanga la kukunjwa hukatwa fupi, kama theluthi tu. Ukilikunja zima linatoka kama godoro limefungwa kwenye mkuki."

"Nani aliyashona?"

"Mimi."

"Usiku wa kuamkia leo?"

"Hapana. Wiki zilizopita, kidogo kidogo."

"Nani alikutuma?"

Shoto aliihamisha njiti kutoka pembe moja ya mdomo kwenda nyingine. "Hilo sisemi."

"Unajua unashukiwa nini?"

"Najua. Lakini nimepewa siri, afande. Aliyenipa akifungua mdomo, nami nitafungua wangu."

Mtu mwenye akili angesimama hapo akajiuliza ni nani, siku ile, aliyekuwa hawezi kufungua mdomo. Koti alisikia tu kwamba kuna mwenza katika uhalifu. Alitoa kalamu na kipande cha uzi. "Funga hapa. Kama unavyofunga tanga."

Vidole vya Shoto vilipita mara moja, uzi ukatulia. Koti aliuinua kwenye mwanga. Umezungushwa kinyume, sawasawa na ule wa mlingoti wa nyuma. Akatabasamu tabasamu la mtu aliyefika kituoni, kumbe amepanda gari la upande mwingine.

"Nilisema mimi," Dalali alisema kutoka mlangoni.

"Ulisema pia ile nyumba ya kona haivuji, shemeji," Shoto alimjibu.

Pingu zililia mara mbili. Binti wa Nahodha alitoka jikoni kwa sauti hiyo, sufuria mkononi. Alimtazama mumewe, akamtazama Koti, hakupiga kelele.

"Jana nilikuwa na baba anayeongea," alisema. "Leo asubuhi ugonjwa umenichukulia sauti ya baba, sasa nyinyi mnanichukulia mume. Mtaniachia nini, hii sufuria?"

"Mimi nafuata ushahidi, dada yangu."

"Basi ufuate. Usiukimbilie."

Gari la kituo lilikuwa mbali. Koti alirudi karakana kulisubiri, akaketi kwenye kiti cha Nahodha, kiti cha chini kilichoshika umbo la mwenyewe. Kutoka pale meli ilionekana kwa namna nyingine. Macho yalikuwa sawa na sitaha. Joto lilimlegeza. Vumbi lilishuka na kupanda. Alijiona anatembea juu ya zile mbao ndogo, koti lake likipepea, na juu kwenye foromali kuna mtu mdogo sana amemgeuzia mgongo, anafunga tanga. Koti alimwita. Mtu yule hakugeuka. Alikuwa akifanya kazi kwa mkono mmoja, na ule mwingine ulining'inia ubavuni kama kamba iliyosahauliwa.

"Umelala kwenye kiti cha watu," alisema mwanamke.

Koti aliruka. Mlangoni alisimama mke wa Nahodha, kikapu mkononi, ametoka hospitali kwa miguu na uchovu wake wote mabegani. Nyuma yake walijaa wanawe wawili, na Shoto na bangili zake za chuma.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa. Mkwe wangu amefungwa kwa nini?"

Koti alimweleza. Alieleza vizuri: nyuzi, mkono wa kushoto, njiti, siri. Mama alisikiliza huku akipakua kikapu juu ya meza: kanga, kikombe, na chupa ya maji yenye meno ya bandia ya mumewe ndani, yakichekelea upande mmoja, kwani jino moja la mbele lilivunjika zamani na mwenyewe alikataa kulitengeneza.

"Wamenirudishia, wanasema atayameza," alisema. "Mwenyewe anajaribu kusema, haliji neno. Mwishoni ananishika tu mkono. Ananishika kwa kushoto. Miaka yote hii alinishika kwa kulia. Leo nilihisi kama nimeshikwa na mgeni."

Koti aliutazama mkono wake mwenyewe wa kulia.

"Mkono wa kulia una nini?"

"Umekufa. Mkono na mguu. Kwani hukuuliza? Nilidhani wewe ndiye mpelelezi."

Hakuwa ameuliza. Aliambiwa kiharusi, akaridhika na kiharusi, kama mtu anayeuliza njia akaondoka kabla hajaambiwa pa kukata kona.

Basi Inspekta Koti akavua koti.

Alilitundika kwenye msumari, na watu waliokuwa pale walitazamana, maana chini yake palikuwa na mtu mwembamba kuliko walivyodhani. Dalali alikuwa anapiga simu, akaikata. Koti alijipenyeza kati ya meza na kabati, tumbo limerudi ndani, mpaka gizani kwenye pua ya meli. Akawasha taa ya mezani, akaishusha, akaweka kioo jichoni.

Mlingoti wa mbele ulikuwa umefungwa na mtu mwenye mikono miwili na usiku mtulivu. Kila uzi ulizungushwa kwa kulia, umbali sawa, ncha zimefichwa nyuma. Koti alitembea kwa jicho, foromali baada ya foromali, kama anavyotembea mtu kwenye korido ya nyumba anayoiota. Alifika mlingoti wa kati. Juu palikuwa safi vilevile. Chini kidogo uzi ulianza kulegea. Kisha fundo moja lililoanzwa kwa kulia halikumalizwa. Uzi ulikuwa umening'inia hewani, umeachwa katikati ya safari. Karibu yake palikuwa na tone la nta lililopondwa na kitu kizito, pengine kiganja kilichoanguka bila mwenyewe kukiangusha. Na baada ya hapo, uzi uliofuata ulizungushwa kinyume. Wa pili kinyume. Ovyo, kisha si ovyo sana, kisha nafuu. Mkono wa kushoto ulikuwa unajifunza kazi. Kufika mlingoti wa nyuma ulikuwa umeshaijua.

Alitoka gizani na utando wa buibui kichwani.

"Shoto. Mtu mwenye mkono mmoja anakandamizaje kitambaa ili akifunge?"

"Hawezi. Kunatakiwa mkono mmoja ushike kijiti na mmoja ufunge."

"Na kama mkono wa kushika hakuna?"

Shoto alifikiri. Njiti ilisimama mdomoni mwake, akaitazama kwa macho yaliyopinda, kisha polepole akaitoa.

"Atakishika kwa meno," alisema.

Koti alitoa leso kwenye koti lililotundikwa, akaifungua. Alichukua donge la nta mezani, akalilainisha kiganjani, akamwangalia mama, na mama akatikisa kichwa kukubali. Meno ya Nahodha yalitoka kwenye maji, yakauma nta, yakarudi chupani. Koti aliweka kijiti ubavuni. Kwenye donge, alama, alama, uwazi, alama. Kwenye kijiti, alama, alama, uwazi, alama. Akamwambia Shoto aume upande wa pili wa donge. Meno ya Shoto yalikuwa yote, yamepangana kama askari wa gwaride.

Koti alitoa ufunguo, akamfungua Shoto pingu.

"Aliyekupa siri ameshafungua mdomo," alisema, akiinua kijiti. "Huu hapa. Kwa hiyo na wewe fungua wako."

Shoto alisugua vifundo vya mikono yake. Alimtazama mama mkwe kwanza.

"Mzee aliniambia nimshonee matanga mafupi," alisema. "Akasema, usimwambie shemeji yako, maneno kwake hayakai. Siku mteja atakapokuja kuichukua, ataikuta meli imekunjwa matanga, ataelewa haitoki. Nilitaka kumsaidia kufunga. Akasema hii ilichongwa na baba yake, mwisho wake ataufunga mwenyewe. Anapenda kuamka usiku wa manane, kabla ya jogoo. Mimi nililala. Hilo ndilo kosa langu, afande, liandike."

"Kulala si kosa," Koti alisema. "Mimi nimelala hapa sasa hivi."

Binti wa Nahodha alikuwa amekaa chini, sufuria mapajani, anamtazama mumewe kama mtu aliyerudishiwa kitu na bado anakikagua. Lakini Dalali alikuwa amesimama mbele ya mlingoti wa kati, mbele ya uzi ule ulioachwa unaning'inia, na uso wake ulikuwa unahangaika kutafuta pa kukaa.

"Haingii akilini," alisema. "Mkono umekufa. Mdomo umekwenda. Mlango uko hapa, nyumba iko pale, mimi nimelala chumba cha kwanza. Angegonga hata ukuta. Badala yake anakaa anafunga uzi? Mpaka anaanguka? Kwa ajili ya meli?"

Dalali alimgeukia Shoto.

"Wewe ungenizuia."

"Mzee alininyamazisha, shemeji."

"Basi angenizuia yeye mwenyewe." Sauti ya Dalali ilipanda, ikavunjika juu kabisa, kisha ikashuka. "Mimi mwanawe. Sikumwekea kisu shingoni. Nilidhani namsaidia, kazi ya miaka yote hii ionekane na watu. Kama hakutaka itoke, si angeniambia? Neno moja tu, Mama. Alikuwa na mdomo mpaka jana. Angesema sitaki, ningekataa mteja pale pale. Kwa nini hakuniambia?"

Mama alikuwa anakunja kanga ya hospitali. Aliilinganisha ncha na ncha, akailaza ndani ya kikapu, ndipo akainua macho. Hakumtazama mwanawe, aliitazama ile mistari ya penseli kwenye fremu.

"Alikuambia juzi, na jana akakuambia tena," alisema. "Ulikuwa unapima mlango."